Namna ya Kufika Kwenye Kiti cha Jaji wa Haki za Binadamu Arusha: Mwongozo Kamili

Afrika ina mahakama moja tu ya bara zima iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya haki za binadamu, nayo iko Arusha. Ina viti 11. Vijana wengi waliosoma sheria hawajawahi kuwaza kwamba mmoja wao anaweza kukikalia kimojawapo, na waliowaza hawajui pa kuanzia, kwa sababu hakuna chuo kinachotoa shahada ya ujaji wa kimataifa, wala hakuna tangazo la gazetini linalomtaka mtu atume barua ya maombi na vyeti. Serikali ndiyo inayokupendekeza. Serikali ndizo zinazokupigia kura. Kisha ukishaapa, kazi yako ni kuzihukumu serikali hizo hizo.

Hali hiyo ndiyo inayoamua jinsi ya kujiandaa. Unahitaji rekodi ya kazi ambayo serikali yako itaona fahari kuipeleka Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, na wakati huohuo msimamo ambao hautatikisika siku nchi yako itakapokukasirikia. Mwongozo huu unafuata safari hiyo kuanzia darasa la sheria hadi muhula unapokwisha.

Kifahamu kiti kabla ya kukitamani

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilianzishwa kwa Itifaki iliyopitishwa Ouagadougou, Burkina Faso, Juni 1998, ikaanza kutumika tarehe 25 Januari 2004. Majaji wa kwanza waliapishwa Julai 2006, na mwaka 2007 Mahakama ikahamia Arusha kutoka Addis Ababa. Jaji huchaguliwa kwa miaka sita na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Majaji wawili hawawezi kutoka nchi moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ni Rais wa Mahakama peke yake anayefanya kazi hii muda wote na kuishi Arusha. Wenzake kumi huja kwa vikao vinne vya kawaida kwa mwaka, kisha hurudi kwao, ambako wengi wao ni majaji wa mahakama za nchi zao, wahadhiri au mawakili. Kwa hiyo usipange maisha kana kwamba utaacha kila kitu na kuhamia chini ya Mlima Meru. Panga kuwa na kazi kuu inayokuheshimisha nyumbani, ambayo haigongani na uhuru wa jaji. Itifaki, ibara ya 18, inakataza shughuli yoyote inayoweza kutia doa uhuru huo. Waziri au mwanasheria wa serikali anayetetea dola mahakamani itabidi aache wadhifa huo.

Sifa zilizoandikwa kwenye ibara ya 11 ni chache: mwanasheria, mwenye maadili ya juu, mwenye uwezo na uzoefu unaotambulika wa vitendo, wa kimahakama au wa kitaaluma katika haki za binadamu na watu. Halikutajwa neno kuhusu umri wala shahada ya uzamivu. Neno linalobeba uzito hapo ni "unaotambulika". Watu wanaokujua kazini waweze kulitaja jambo ulilofanya bila kufungua wasifu wako.

Hatua ya 1: Iva kwanza katika sheria ya nyumbani

Wanafunzi wanaopenda haki za binadamu mara nyingi huikimbia sheria ya jinai, ya ushahidi na ya mwenendo wa mashauri wakidhani ni mambo ya mahakama za wilaya. Ni kosa kubwa. Mashauri mengi yaliyofika Arusha yametoka Tanzania, na sehemu kubwa yake yameletwa na wafungwa waliotiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ubakaji au mauaji. Wanalalamikia utambuzi wa mashahidi usiku, kunyimwa wakili, rufaa iliyocheleweshwa miaka. Jaji asiyejua jinsi jalada linavyotembea kutoka kituo cha polisi hadi Mahakama ya Rufani hawezi kuona pale haki ilipovuja.

Kwa Tanzania, njia ni shahada ya kwanza ya sheria, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa uwakili. Kenya unapita Kenya School of Law, Uganda Law Development Centre. Baada ya hapo ingia mahakamani kweli kweli. Uhakimu wa mkazi, uwakili wa serikali, uwakili wa kujitegemea, shirika la msaada wa kisheria: vyote vinafaa, ilimradi miaka ya mwanzo usimame mbele ya watu wenye shida halisi. Kumbuka pia kwamba Katiba ya Tanzania na ya Kenya zinataka kiasi cha miaka kumi ya sifa au uzoefu wa kisheria kabla ya mtu kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Anza kuihesabu mapema.

Hatua ya 2: Soma hukumu

Wengi husoma Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa Nairobi Juni 1981, wakaishia hapo. Mkataba ni mfupi, utaumaliza jioni moja. Ufundi wa ujaji uko kwenye hukumu, na zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Mahakama.

Zisome kwa mpangilio ambao majaji wenyewe huufuata. Kwanza mamlaka: je, Mahakama inaweza kulisikiliza jambo hili kwa mada yake, kwa wahusika wake, kwa wakati lilipotokea na kwa mahali lilipotokea? Pili kupokelewa kwa maombi, yaani masharti saba ya ibara ya 56 ya Mkataba, hasa lile la kumaliza njia za nafuu za ndani ya nchi, yaani mwombaji awe amepitia kwanza mahakama za nyumbani. Tatu madai yenyewe, moja baada ya jingine. Mwisho fidia na amri.

Anza na hizi nne. Katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa tarehe 20 Novemba 2015, utaona Mahakama ikisema kwamba mtu aliyefikisha rufaa yake hadi Mahakama ya Rufani hana haja ya kutumia pia njia zisizo za kawaida kama maombi ya mapitio ndipo asikilizwe Arusha. Hoja hiyo imerudiwa katika mashauri mengi baadaye. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, la tarehe 14 Juni 2013, utaona jinsi marufuku ya mgombea binafsi ilivyopimwa kwa kipimo cha haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Shauri la Waogiek, jamii ya asili ya Kenya, dhidi ya serikali ya nchi hiyo, la tarehe 26 Mei 2017, litakufundisha ardhi ya mababu, utamaduni na msitu wa Mau kwa lugha ya haki. Usiache hukumu yake ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022, ambamo Kenya iliamriwa kulipa shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu waliyoyapata. La nne ni Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, la tarehe 28 Novemba 2019, kuhusu adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi yoyote ya kuchagua adhabu nyingine.

Ukimaliza kila hukumu, soma maoni binafsi ya majaji waliotofautiana na wenzao. Kisha kaa chini uandike ukurasa mmoja ukipinga uamuzi uliokubaliana nao. Zoezi hili ni gumu na linachosha, na sijaona lingine linalomjenga mwanasheria haraka kama hilo, kwa sababu kwenye chumba cha majadiliano utakabiliana na majaji kumi wenye akili waliolelewa katika mifumo ya sheria tofauti na wako.

Hatua ya 3: Kifaransa, na mapema

Hapa ndipo wanasheria wetu wengi wa Afrika Mashariki wanapokwama bila wenyewe kujua. Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, na Februari 2022 wakuu wa nchi waliidhinisha kitumike kama lugha ya kazi ya Umoja. Ni jambo la kujivunia na tuendelee kulipigania. Lakini rasimu za hukumu zinazozunguka mezani Arusha ni za Kiingereza na Kifaransa, na kila hukumu hutaja mwishoni ni maandishi ya lugha ipi yenye nguvu ya mwisho. Wakalimani wapo. Hata hivyo jaji anayesoma rasimu ya mwenzake wa Mali au Cameroon katika lugha iliyoandikiwa huona mahali hoja ilipolegea, na hana haja ya kumsubiri mtu wa tatu wakati wa mapumziko ya chai, ambapo mengi husuluhishwa.

Anza ukiwa chuoni. Alliance Française ipo Dar es Salaam, Nairobi na hata Arusha kwenyewe. Lenga kusoma hukumu nzima ya Kifaransa bila kamusi, kisha ndipo ujihangaishe na lafudhi. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda mna mtaji mkubwa hapa. Kwenu kazi ni kukifanya Kiingereza chenu cha sheria kiwe safi.

Hatua ya 4: Jipime na wenzako wa Afrika nzima

Tangu 1992 yapo mashindano ya Afrika ya mahakama ya kuigiza kuhusu haki za binadamu, yanayoratibiwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Timu za wanafunzi hutetea pande zote mbili za shauri la kubuni. Kama chuo chako hakina timu, iundeni. Mnahitaji wanafunzi wawili, mhadhiri mmoja na ukaidi.

Kituo hicho hicho kina shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, inayokusanya wanasheria kutoka nchi nyingi na kuwapeleka muhula wa pili kwenye vyuo shirika. Thamani yake haiishii kwenye cheti. Utafahamiana na watu ambao baada ya miaka ishirini watakuwa mabalozi, wanasheria wa Umoja wa Afrika na washauri wa mawaziri, yaani watu watakaolikuta jina lako kwenye orodha ya wagombea na kusema, huyu namjua.

Fuatilia pia nafasi za mafunzo kazini katika Mahakama yenyewe. Anayefanya kazi kwenye masijala hushika maombi ya mfungwa yaliyoandikwa kwa mkono, anayachambua, anaandaa maelezo kwa ajili ya jaji aliyepangiwa shauri. Hakuna darasa linalokaribia hapo.

Hatua ya 5: Chagua mlango mmoja, uufanyie kazi miaka

Ukiangalia waliokalia viti hivyo utaona milango mitatu.

Wa kwanza ni mahakama za nyumbani. Augustino Ramadhani alikuwa brigedia wa jeshi, Jaji Mkuu wa Zanzibar, jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki na Jaji Mkuu wa Tanzania, kisha akawa Rais wa Mahakama hii kuanzia 2014 hadi 2016. Imani Daud Aboud alitoka Mahakama Kuu ya Tanzania, akachaguliwa jaji mwaka 2018 na kuwa Rais kuanzia 2021 hadi 2025. Mlango wa pili ni chuo kikuu: Gérard Niyungeko, Rais wa kwanza wa Mahakama, ni profesa wa sheria kutoka Burundi. Wa tatu ni utumishi wa sheria za kimataifa. Ben Kioko wa Kenya alikuwa Mshauri wa Sheria wa Umoja wa Afrika kabla ya kuchaguliwa jaji mwaka 2012.

Milango hii huunganika na mahakama nyingine. Solomy Balungi Bossa wa Uganda alipita Mahakama ya Afrika Mashariki na ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, akaja hapa 2014, kisha 2018 akaingia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Julia Sebutinde, naye wa Uganda, alitoka Mahakama Maalumu ya Sierra Leone akaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2012. Joyce Aluoch wa Kenya alijenga jina lake kwenye haki za mtoto, katika kamati ya Afrika na ya Umoja wa Mataifa, kabla ya kuchaguliwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Yeye ni mfano mzuri wa kuchagua eneo moja la haki na kulishika mpaka jina lako na eneo hilo visitenganishwe. Haki za ardhi, wakimbizi, adhabu ya kifo, ulemavu: shika moja.

Hatua ya 6: Simama mbele ya majaji kabla ya kukaa pamoja nao

Wakili anayetaka kufika huko anapaswa awe amewahi kupeleka shauri. Tatizo ni kwamba mtu binafsi anaweza kuishtaki moja kwa moja serikali yake Arusha ikiwa tu nchi hiyo imeweka tamko la ibara ya 34(6) ya Itifaki, yaani la kukubali Mahakama ipokee mashauri ya watu binafsi dhidi yake. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama, ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lake Novemba 2019, na kuondoka huko kukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilitangulia mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zilifuata 2020. Inauma kuona raia wa Arusha akipita mbele ya Mahakama ambayo hawezi kuifungulia mlango, na nadhani mwanasheria wa Tanzania anayeitamani kazi hii ana wajibu wa kulisema hilo kwa heshima na bila woga.

Njia bado zipo. Ghana, Malawi na Gambia ni miongoni mwa nchi zenye tamko, na mawakili wa nchi moja wanaweza kuwatetea waombaji wa nyingine. Mahakama ina utaratibu wa msaada wa kisheria na orodha ya mawakili, omba uandikwe. Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, wenye makao hapo hapo Arusha, umewatetea wafungwa wengi. Ipo pia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Banjul, Gambia. Halafu kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambako mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, lakini katika shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, 2007, ilikataa kuacha kazi yake ya kutafsiri Mkataba wa Jumuiya eti kwa sababu tu malalamiko yanagusa haki hizo.

Weka kumbukumbu ya mashauri yote uliyoyagusa. Ibara ya 17 ya Itifaki inamkataza jaji kusikiliza jambo alilowahi kulishughulikia kama wakili, mjumbe wa mahakama au kwa nafasi nyingine yoyote, na siku moja utatakiwa uyakumbuke yote.

Hatua ya 7: Kupendekezwa na kupigiwa kura

Nafasi zinapokaribia kuwa wazi, Kamisheni ya Umoja wa Afrika huziandikia nchi zilizoridhia Itifaki. Kila nchi inaweza kupendekeza hadi watu watatu, angalau wawili wawe raia wake, na Itifaki inataka jinsia izingatiwe katika mapendekezo. Barua hiyo hufika wizara ya mambo ya nje na mara nyingi hukaa kimya huko. Ndiyo maana unapaswa kujua mihula ya majaji wa sasa inaisha lini. Fuatilia, kisha wasilisha nia yako kwa maandishi wizarani, kwa Mwanasheria Mkuu na kwa chama cha mawakili: wasifu mfupi, orodha ya hukumu au machapisho, na majina ya watu wanaoweza kukuthibitisha.

Angalia pia ramani. Kwa utaratibu uliozoeleka, Afrika Magharibi hupata majaji watatu na kanda nyingine nne hupata wawili wawili. Kama kanda ya Mashariki tayari ina wawili ambao mihula yao inaendelea, hata uwe na sifa za mbinguni utangoja.

Kura ni ya siri, hupigwa na Baraza la Mawaziri la Umoja, na wakuu wa nchi huthibitisha. Kabla ya siku hiyo balozi wako Addis Ababa ataomba kura kwa niaba yako na nchi zitabadilishana ahadi. Kubali kukutana na mabalozi, eleza kazi yako, jibu maswali. Ila usiahidi msimamo wowote juu ya shauri lolote, hata kwa mzaha, hata kwa serikali yako. Anayekuomba ahadi ya namna hiyo anakuomba kiapo chako kabla hujakiapa.

Hatua ya 8: Miaka sita mezani

Kila shauri hukabidhiwa jaji mmoja anayeliongoza hadi rasimu. Akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa kukaa, ni majaji saba. Majadiliano ni ya siri, uamuzi ni wa wengi, na hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 90 baada ya majadiliano kukamilika.

Sheria muhimu kuliko zote kwa jaji wetu ni ibara ya 22 ya Itifaki: hupaswi kukaa kwenye shauri dhidi ya nchi yako. Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wao hutaka jaji wa nchi husika awepo. Sisi tumechagua kinyume, na kwa hali ya siasa zetu naona tulichagua vema. Ramadhani ndiye aliyeongoza Mahakama ya Rufani ilipokataa mgombea binafsi mwaka 2010. Suala hilo hilo lilipofika Arusha, alikuwa jaji huko, na hakukaa. Kwa kuwa mashauri mengi ni ya Tanzania, Mtanzania atatoka nje ya chumba mara nyingi sana. Hata akiwa nje, habari za shauri haziulizi wala hazipeleki nyumbani.

Kuna jaribu lingine lisiloandikwa popote. Ukitaka muhula wa pili, serikali yako lazima ikupendekeze tena. Itifaki ya Malabo ya 2014, inayokusudia kuiunda upya mahakama ya Afrika, ingeondoa jaribu hili kwa kuweka muhula mmoja wa miaka tisa, lakini haijaanza kutumika. Mpaka itakapoanza, ushauri wangu ni kuingia ukiwa umeamua moyoni kwamba muhula ni mmoja. Wa pili ukija, upokee. Andika maoni yako binafsi pale unapotofautiana na wenzako, yawe mafupi, yenye hoja, yasiyomshambulia mtu, na yatoe mwaka wa kwanza kama ambavyo ungeyatoa mwaka wa sita.

Hatua ya 9: Muhula ukiisha

Sophia Akuffo wa Ghana aliiongoza Mahakama hii kuanzia 2012 hadi 2014, na mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu wa nchi yake. Wengine huenda mahakama nyingine, vyuoni, au kwenye usuluhishi. Yoyote utakayochagua, siri ya chumba cha majadiliano unaondoka nayo, na mashauri uliyoyaamua huyatetei magazetini. Unachoweza kufanya mara moja ni kuwafundisha wanaokuja: chukua hukumu zako, hasa zile ulizopingwa na wenzako, uzipeleke darasani, uwaambie wanafunzi wazichambue wakiwa wamesoma pia maoni ya waliokupinga.